Idhini ya Ng'ombe Sitini na Mmoja

Jumatatu, 6 Juni 2005

Baridi. Upepo. Vumbi hadi ndani ya kibodi. Lakini blogu yangu, Jicho la Dodoma, inapaa! Picha niliyoweka wiki iliyopita imeshatazamwa mara arobaini na tatu. (Mara kumi na tisa ni mimi. Haidhuru, hata mimi ni msomaji.) Kichwa cha habari: UTAJIRI WA ZUZU: MZEE BARTOLOMAYO NA NG'OMBE WAKE 61. Nilihesabu mwenyewe huko kijijini Zuzu, mara mbili, nimesimama juu ya kichuguu. Waandishi wengine huandika "ng'ombe wengi" na kwenda zao kula.

Saa nne akaja Meshack, mtoto wa huyo mzee. Nikajua analeta shukrani, pengine na maziwa ya mgando. Mikono mitupu! Ameleta malalamiko. Anaoa mwezi ujao, binti anaitwa Anna, wa Mpwapwa. Wazee walishakubaliana mahari, ng'ombe kumi na wawili, wakanywa na pombe juu yake. Sasa kaka yake Anna anayesoma chuo hapa mjini kaiona picha yangu, kaichapisha kwa rangi, kaipeleka nyumbani. Baba wadogo wawili wa Anna wameishika ile karatasi na kuhesabu kwa kidole. Wamesema mwenye ng'ombe sitini na mmoja hawezi kutoa kumi na wawili, hayo ni matusi. Wanataka thelathini. Baba mwenyewe wa Anna, Mzee Charles, amekaa kimya, lakini wadogo zake ndio wenye sauti. Wanakuja Ijumaa. Meshack alisema bila thelathini hakuna harusi, na thelathini hakuna.

Nikamuuliza kama picha ilitoka vizuri kwa rangi. Akaondoka zake.

Bahati mbaya Ndugu Tumsifu alikuwa anasikia. Huyu ni mtumishi aliyekuja na Bunge la bajeti. Kila siku hukaa kompyuta namba tatu, na tai hata Jumapili. Akageuza kiti, akatangazia duka zima la intaneti kwamba ukurasa wa intaneti unaoonyesha watu na mali zao lazima uwe halali kisheria. Uwe na masharti ya matumizi. Uwe na sera ya faragha. Uwe na idhini ya maandishi ya kila mwenye mali. Na taarifa zake ziwe sahihi wakati wote. La sivyo, kesi inamwangukia mwenye kompyuta. Nilipomuuliza ni sheria ipi, alisema sheria kwa ujumla.

Mwenye kompyuta ni Bi Loisi, mwajiri wangu. Mimi namchapia barua za wateja na kupiga picha za pasipoti, naye ananiachia kompyuta namba nne jioni kwa ajili ya blogu. Akaweka kikombe chake chini polepole. Akasema nina hadi Ijumaa jioni. Blogu iwe halali, na Mzee Bartolomayo aridhike, au ifutwe na kompyuta namba nne apewe Iddy.

Iddy! Fundi wetu, ambaye kazi yake kubwa kwenye kompyuta ni kucheza karata peke yake. Hapana. Blogu itakuwa halali hadi watu washangae.

Jumanne, 7 Juni

Leo nimetunga sheria. Haikuwa ngumu kama wanasheria wanavyotaka tuamini. Nilitafuta kampuni moja ya Marekani inayouza mahema, nikachukua masharti yao yote na kuyageuza kwa Kiswahili. Vifungu thelathini na kimoja! Kifungu cha kumi na nne kinasema ugomvi wowote utaamuliwa na mahakama za Kalifonia. Cha ishirini na mbili kinasema hatuhusiki na mzigo ukizama baharini. Niliviacha vyote. Sheria ukiipunguza inakosa heshima.

Nikaweka na kile kidirisha: msomaji asome masharti kwanza, kisha abonyeze NAKUBALI au SIKUBALI. Nikajaribu mwenyewe. Mkono ukateleza, nikabonyeza SIKUBALI. Blogu yangu ikanifungia nje! Asubuhi nzima kila nikiifungua inaniambia nimekataa masharti na nashukuriwa kwa muda wangu. Iddy alicheka hadi akashika meza. Halafu akabonyeza vitufe viwili tu, ikafunguka. Nikamshukuru kwa baridi.

Wageni wa leo: wawili. Wote mimi.

Jioni Bi Loisi alisoma vifungu vyote thelathini na kimoja, amesimama, miwani puani. Akauliza sahihi ya Mzee Bartolomayo iko wapi. Nikamwambia tutafika huko. Akasema anachoona yeye ni karatasi ya mahema, na kwamba Ijumaa haijasogezwa.

Mwanamke huyu hana jicho la sheria.

Jumatano, 8 Juni

Zuzu kwa baiskeli. Upepo wa usoni kwenda, na kurudi pia upepo wa usoni. Sijui unafanyaje.

Mzee Bartolomayo alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda, shuka begani. Nikatoa shikamoo, nikatoa na mbukwenyi, ndiyo Kigogo changu chote. (Mimi natoka Bukoba. Hapa wananitania kwamba Mhaya akikosa wa kuongea naye anajiandikia barua. Wivu.) Nikafungua bahasha. Nikamsomea fomu ya idhini niliyoitunga: Mimi fulani, kwa akili timamu, naridhia sura yangu na mali yangu kuonekana duniani kote, ikiwemo Kalifonia.

Akauliza Kalifonia ni upande gani, na kama basi linafika. Nikamwambia halifiki. Akasema basi hao hawana neno naye. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Uso wangu chukua, mwanangu, weka hata kwenye kiberiti. Lakini ng'ombe uliwahesabu kwa ruhusa ya nani?"

Nikamwambia nilihesabu kwa macho yangu. Akatafuna ugoro wake. Mazungumzo yakaishia hapo, na fomu ikabaki tupu.

Lakini mimi si mtu wa kurudi na fomu tupu! Nikazunguka nyuma ya nyumba hadi zizini, kwa Mama Meshack. Jina lake Emilia. Alikuwa anakamua. Nikamsifia maziwa, nikamsifia kibuyu, nikamwambia ninachotafuta ni kuokoa harusi ya mwanawe. Hapo akafunguka. Akasema mimi mgeni nimeona zizi moja nikadhani mwenye ng'ombe ni mmoja. Huku mtu haweki ng'ombe wake wote kwake. Anawekesha kwa rafiki, kwa ndugu, kwa mtu mwaminifu wa mbali, ili ugonjwa ukija usimalize wote, na ili watu wasijue anacho nini. Mumewe ndiye huyo mwaminifu. Watu wa mjini na wa vijijini wamewekesha kwake miaka na miaka. Yeye anapata maziwa na ndama wa hapa na pale, wao wanapata siri. Kati ya sitini na mmoja, wa mzee ni kumi na wanne tu.

Kumi na wanne! Nilitaka kuruka. Dawa imepatikana. Wenye ng'ombe wakitia sahihi zao, wakwe wataona Mzee si tajiri, mahari itarudi kumi na wawili, na blogu itakuwa na idhini ya kila mwenye mali kama alivyosema Tumsifu. Jiwe moja na kazi zote zimekwisha!

Nikamwomba anitajie. Alisita sana. Akasema mzee hawezi kuwataja hata akichinjwa. Nikamwambia yeye si mzee. Nikamwambia habari ya Meshack kuzeeka bila mke. Basi akataja, ng'ombe kwa ng'ombe, huku anakamua. Yeye anawajua kwa masikio na kwa maziwa. Saba ni wa Mwalimu Elieza mstaafu, ambaye ni mume wa Bi Loisi! Sita wa katekista. Wanne wa Bi Edina, mtendaji wa kata yetu. Ishirini na mmoja ni wa watu wanane, wawili watatu kila mmoja. Na tisa waliobaki, hapa akashusha sauti, ni wa Mzee Charles wa Mpwapwa.

Baba yake Anna! Aliwawekesha zamani, kabla watoto hawajajuana, kuwaficha hao hao wadogo zake, maana wangedai wagawane. Ndiyo maana amekaa kimya. Anajua wazi kwamba ng'ombe si wa Bartolomayo wote, ila akisema ataulizwa amejuaje. Na Bartolomayo anajua kwamba anadaiwa mahari kwa sababu ya ng'ombe wa mkwe wake mwenyewe, ila hawezi kutaja. Wazee wawili wamefungwa mdomo na picha yangu. Nguvu ya vyombo vya habari!

Mama Meshack aliniomba nisimwonyeshe mtu karatasi niliyoandikia majina, niitumie tu kuwafuata wenyewe kimyakimya, na Mzee Charles nisimguse kabisa. Nikaapa. Mbele yake nikaandika SIRI juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili. Akanipa maziwa kikombe kizima.

Alhamisi, 9 Juni

Siku ya sahihi. Sahihi zilizopatikana: sifuri.

Nimechapa fomu kumi na moja, safi, zenye nafasi ya kujaza rangi ya ng'ombe. Nikaanza na katekista. Akasema yeye hana mali ya dunia hii, asilani. Kisha akaomba aione picha. Akaitazama upande wa kushoto dakika nzima, akauliza, kwa ajili ya kujua tu, yule mwekundu ameshazaa? Nikamwambia ana ndama. Uso ukamng'aa. Akanirudishia fomu, akasema atatuombea wote.

Mwalimu Elieza akanivuta nyuma ya duka, kwenye tangi la maji, mkewe asituone. Akasema hana ng'ombe, hajawahi kuwa na ng'ombe, na anashangaa mtu msomi kama mimi kusikiliza maneno ya zizini. Akaninunulia soda. Nilipomaliza soda akauliza yule mweusi mwenye paji jeupe bado anachechemea? Nikasema ndiyo. Akahuzunika sana. Akasema hata hivyo si wake.

Na wengine hivyo hivyo. Asubuhi nzima nimezunguka mji huu nikikutana na watu wasio na ng'ombe wakiniulizia ng'ombe.

Saa nane nikakaa nikatafakari. Idhini haipatikani. Lakini serikali haiombi idhini ya mtu mmoja mmoja! Serikali inabandika tangazo: asiyeridhika ajitokeze ndani ya muda fulani, asiyejitokeza amekubali. Hiyo ndiyo sheria ya kwetu, tunaishi nayo kila siku kwenye mbao za matangazo. Mahema ya Kalifonia ya nini?

Nikachapa. TANGAZO LA KISHERIA. Wafuatao ni wamiliki halali wa ng'ombe 61 walioonekana katika blogu ya Jicho la Dodoma, huko Zuzu, kwa Mzee Bartolomayo. Asiyeridhika ajitokeze kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Kisha orodha, namba moja hadi sitini na moja, rangi, jina, na utambulisho mfupi ili watu wasichanganywe.

Nilifikiria sana kumtoa Mzee Charles, kama nilivyoapa. Nikamtoa. Lakini ikabaki hamsini na wawili, na kichwa cha habari kinasema sitini na mmoja. Wasomaji wangesema Respicius hajui kuhesabu. Nikamrudisha. Mbele ya jina lake niliandika kwenye mabano: asitajwe.

Tangazo bila muhuri ni karatasi tu. Nikakimbia ofisi ya kata. Bi Edina alikuwa na rundo la barua za utambulisho, anapiga muhuri bila kuinua uso, anaongea na simu. Nikaingiza tangazo langu katikati ya rundo. Pa! Muhuri wa bluu, wazi kabisa, ukaangukia pembeni ya namba ishirini na nane hadi thelathini na moja. Hao ni ng'ombe wake yeye.

Jioni nilimwonyesha Iddy. Alisoma hadi mwisho. Hakucheka, na Iddy hucheka hata msibani. Akasema, "Kaka Respi, usiweke hii. Mimi sikutakii mabaya, usiweke." Nikamwelewa vizuri sana. Anaiona kompyuta namba nne inamponyoka.

Ijumaa, 10 Juni

Saa moja asubuhi tangazo limeingia kwenye blogu. Lakini nikakumbuka, wenye ng'ombe wengi hawatumii intaneti. Watajitokezaje? Haki lazima imfikie kila mtu. Nikachapa nakala kubwa, nikaibandika mlangoni mwa duka. Na nyingine kwenye nguzo. Na nyingine kwa muuza magazeti.

Kufika saa tatu, mlangoni hapapitiki. Umati! Jicho la Dodoma halijawahi kusomwa namna hii. Bi Loisi alipofika dukani akadhani kuna msiba. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kwa ajili ya waliokuwa nyuma. Akasoma vizuri hadi namba kumi na tano.

"Kumi na tano hadi ishirini na moja. Mwalimu Elieza, mstaafu, mume wa Bi Loisi."

Niliandika hivyo kwa sababu mjini kuna Elieza wengine. Akasoma tena, polepole. Mwezi wa tatu alimwomba mumewe wachangie kununua jenereta, umeme unatusumbua. Mwalimu akaapa kwamba katika dunia hii hana hata kuku. Sasa mwalimu alikuwa pale pale, ameshika gazeti, amelishika juu chini. Bi Loisi akaingia dukani, akamshikia mlango naye aingie. Nikaona ni vizuri nibaki nje.

Akaja katekista, akasoma, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau jiko linawaka. Akaja Bi Edina mwenyewe, na kalamu nyekundu, anataka kuufuta muhuri wake. Muhuri haufutiki. Nikamweleza kwamba kama hajaridhika anaruhusiwa kujitokeza kabla ya saa kumi. Akasema nikitokea tena ofisini kwake, hata kwa cheti cha kifo changu mwenyewe, nisitegemee kuhudumiwa. Nikaandika: mmoja amejitokeza.

Saa saba wakashuka wageni wa Mpwapwa kwenye basi, Mzee Charles na wadogo zake wawili, na picha yangu wameikunja vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. Walikuwa wapite hapa wakutane na Meshack awapeleke Zuzu. Yule mdogo mmoja anapenda kusoma. Akasoma mlango.

Alisoma namba arobaini hadi arobaini na nane, akasoma na lile neno asitajwe, akamgeukia kaka yake. Mzee Charles alikuwa anatazama viatu vyake. Wale wawili wakamchukua, mmoja huku, mmoja huku, wakaenda kukaa naye chini ya ukuta wa stendi. Walikaa hadi saa tisa. Sauti za wadogo zilisikika. Ya kwake haikusikika.

Walipoinuka, safari ya Zuzu ilikuwa imeshageuka. Mzee Charles akamwambia Meshack kwamba kumi na wawili wanatosha, ampelekee baba yake salamu, na harusi iko pale pale. Wadogo zake hawakupinga. Wana hesabu nyingine sasa, ya ng'ombe tisa, na hawataki shughuli za watu wengine.

Nimeshinda! Kumi na wawili! Harusi ipo! Sheria imefanya kazi!

Saa kumi kamili Bi Loisi akaniita. Macho mekundu kidogo, lakini ametulia. Akasema karatasi zote zibanduliwe, na orodha ifutwe kwenye blogu leo hii. Kisha akasema kompyuta namba nne nibaki nayo. Mwalimu amekubali jenereta. Nikatoka nje nimenyoosha shingo. Iddy alikuwa anabandua karatasi ya mlangoni kwa kisu, hakunitazama.

Jumamosi, 11 Juni

Nilikwenda Zuzu kupokea shukrani. Na mwaliko wa harusi, kadi ya heshima kama inawezekana, meza ya mbele.

Njiani nikapishana na ng'ombe. Kwanza sita, na mjukuu wa katekista nyuma. Halafu wanne. Halafu saba, mweusi mwenye paji jeupe anachechemea mwisho kabisa, Mwalimu Elieza anamsubiri. Nikampungia mkono. Hakuuona.

Zizi la Mzee Bartolomayo lilikuwa kubwa sana ghafla. Ng'ombe kumi na wanne wamejikusanya kona moja. Mama Meshack akaniambia tangu alfajiri watu wanakuja. Kwa adabu, hawakugombana na mtu. Wanasalimia, wanakunywa maziwa, wanasema wanataka kubadilisha malisho kidogo, wanawaswaga wao, wanakwenda. Tisa wa Mzee Charles walichukuliwa wa kwanza, gizani. Hakuna aliyesema neno baya. Hakuna aliyesema atarudisha.

Mzee alikuwa kwenye kigoda kile kile. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamwambia mahari imerudi kumi na wawili. Akasema amesikia. Kwa hiyo harusi ikiisha zizini watabaki wawili. Sikuwa nimepiga hesabu hiyo. Kisha akasema:

"Miaka thelathini na mitatu nimechunga ng'ombe wa watu. Hakuna aliyewahi kusikia jina la mtu mdomoni mwangu. Wakwe wangeng'ang'ania thelathini, ningekwenda kuwatafuta hao ng'ombe, ningewapata kwa shida. Jina la mtu mwaminifu siwezi kwenda kulitafuta popote."

Mama Meshack alikuwa amesimama nyuma yake na kibuyu. Alisikia. Hakunitazama mimi, alimtazama mumewe mgongoni.

Nilisikia vibaya. Naandika hapa kwa sababu shajara ni yangu na hakuna atakayesoma. Nilisikia vibaya sana, na maneno yote ninayoyajua yakanikimbia, mimi Respicius. Nikasema nisamehe, mzee. Akasema yeye hana kinyongo, mimi ni kijana na ni mgeni. Ananiomba kitu kimoja tu, yale majina yasionekane tena. Nikamwambia yameshaondoka tangu jana jioni. Nikamwapia kwamba hayatarudi, na safari hii niliapa kwa moyo.

Nimerudi mjini nikisukuma baiskeli. Sikutaka kupanda.

Jumanne, 14 Juni

Siku mbili sijaandika. Nilikuwa kazini.

Jumapili baada ya misa nilikutana na Ndugu Tumsifu, nikamsimulia yote. Alisikitika. Akasema orodha ikishatoka kwenye intaneti haifutiki, lazima yule mwanafunzi wa Mpwapwa anayo nakala, na nguzoni watu walinakili kwa kalamu. Kisha akanikumbusha: taarifa ziwe sahihi wakati wote.

Usingizi ukaniisha. Orodha ile inasema ng'ombe wako Zuzu. Hawako Zuzu! Kuna taarifa ya uongo inatembea mjini kwa jina la Jicho la Dodoma, na anayedhalilika ni Mzee Bartolomayo. Watu wataendelea kudhani anaficha ng'ombe wa watu, wakati zizini wamebaki wake tu. Mtu ambaye nyumbani kwake nilipewa maziwa! Siwezi kumwacha hivyo. Nina deni la heshima kwake.

Nimefuata nyayo siku mbili, Jumapili na jana. Kigwe, Bihawana, hadi Hombolo. Tairi limepasuka mara tatu. Niliuliza visimani, niliuliza minadani, niliuliza watoto wanaochunga. Wengine walinikimbia, sijui kwa nini, nilikuwa nimevaa kitambulisho changu cha uandishi nilichokipitisha mwenyewe kwenye mashine ya plastiki. Lakini nimewapata wote. Arobaini na saba, hakuna aliyepotea!

Sasa imekaa vizuri. UOMBAJI RADHI NA MASAHIHISHO. Jicho la Dodoma linamwomba radhi Mzee Bartolomayo wa Zuzu, ambaye sasa hana ng'ombe wa mtu yeyote. Ng'ombe hao wamehamia kama ifuatavyo. Nikaorodhesha kila kijiji, kila zizi, na anayewatunza kuanzia Jumamosi. Wale tisa wa Mzee Charles wako Hombolo, nyumba yenye mlango wa kijani, ukipita lambo, na nimeeleza njia ya mkato kwa wanaotoka Mpwapwa.

Kiapo changu nimekishika. Mzee aliomba yale majina yasionekane tena. Yale yalikuwa ya wenye ng'ombe. Haya ni ya wanaowatunza. Ya wenye ng'ombe nimeyaweka kwenye mabano tu, kwa herufi ndogo, ili watunzaji wapya wasije wakadhaniwa matajiri kama ilivyomtokea yeye. Makosa hayarudiwi.

Nimebandika saa mbili asubuhi, mlangoni na kwenye nguzo. Sasa hivi ni saa tatu kasoro. Kutoka dirishani namwona Bi Edina anavuka barabara, katekista nyuma yake, Mwalimu Elieza, na watu wengine watano sita ninaowafahamu kwa fomu. Wanatembea haraka, wote pamoja. Bila shaka wamesoma sehemu ya radhi.

Nimeitoa kamera.